Mega zinaliwa na piblisite (matangazo) za magazeti: tufunge, tulipe, ao?

Msomaji_Katuba (Lubumbashi)

Jambo yenu wote, bakubwa na wadogo.

Swali ni la chumba cha kusomea hapa Katuba. Kuna simu 4 za Android (mbili zina RAM ya GB 2, mbili GB 4), kompyuta moja ya Windows, na ruta ndogo ya kuweka SIM inayogawa wifi. Asubuhi watu wanasoma magazeti ya Kinshasa na ya hapa Lubumbashi, kisha mawili matatu ya Ulaya. Shida ni hizi:

1. Forfe (kifurushi cha intaneti) ya GB 5 ya juma zima inafika siku ya tatu tu, na hakuna anayetazama video.
2. Kwenye tovuti moja maandishi yanatokea, unaanza kusoma, ghafla yanashuka na kidole kinaangukia piblisite.
3. Nyingine inafunika skrini nzima, na alama ya X ni ndogo kama punje ya mtama.
4. Simu moja inaletewa ujumbe "simu yako ina virusi 13" hata kivinjari kikiwa kimefungwa.
5. Magazeti ya Ulaya yanatoa aya mbili, kisha yanasema lipa.

Tuzifunge hizo piblisite namna gani? Na kama ni kulipa, tulipe nani na kwa njia gani, maana hapa wengi wako na M-Pesa ao Airtel Money, si kadi ya benki. Tafazali muandike hatua kwa hatua. Simu zote ziko kwa Kifaransa.

---

Fundi_Himbi (Goma)

Jambo yaya. Usifunge kitu kabla ya kupima, la sivyo hutajua dawa ipi imeponya.

Kwenye simu: "Paramètres", kisha "Réseau et Internet", kisha matumizi ya data, ya wifi ao ya SIM kadiri simu inavyounganishwa. Andika namba iliyo mbele ya Chrome. Fungua habari moja, shuka nayo taratibu mpaka mwisho, iache wazi dakika 2, rudi uandike namba mpya. Tofauti ndiyo bei ya habari hiyo moja. Hizo dakika 2 si za bure: piblisite nyingi zinajibadilisha zenyewe kila sekunde 30 ao 60 ukurasa ukiwa wazi. Mtu akiacha simu mezani na gazeti limefunguliwa, simu inaendelea kula. Nadhani hapo ndipo sehemu kubwa ya GB 5 zenu inapokwenda.

Kwenye kompyuta ni wazi zaidi. Bonyeza F12, chagua "Réseau", weka alama ya kuzima kache (akiba ya kurasa ulizokwisha kufungua), pakia ukurasa upya. Chini utaona jumla ya data na idadi ya maombi. Usishangae ukikuta maombi 200 kwa habari moja.

Habari ya maneno 800, maandishi matupu, ni kama KB 5. Picha moja iliyobanwa vizuri ni KB 100 hadi 200. Kinachobaki ni programu ndogondogo. Tovuti kubwa haina piblisite iliyokaa tayari: ukifungua ukurasa, nafasi inapigwa mnada papo hapo. Kivinjari chako kinaita makampuni 10, 20 ao zaidi, kila moja linaleta msimbo wake, linasoma vidakuzi vyake (faili ndogo za kukutambua), linataja bei, na wengi wanashindwa. Wewe umelipa mega za wote walioshindwa pia. Picha ya piblisite inayoonekana ni sehemu ndogo tu ya mzigo.

Maandishi kuruka (namba 2) ni matokeo ya hilohilo. Nafasi haikutengewa urefu, mnada unamalizika baada ya sekunde 3, picha inaingia kwa nguvu na kusukuma kila kitu chini. Kwenye koneksio ya polepole ni mbaya zaidi kuliko Ulaya, kwa sababu wewe umeshaanza kusoma.

Sasa dawa. Kwa simu za GB 4:

Sakinisha Firefox kutoka Play Store. Chrome ya Android haikubali viendelezi (programu ndogo za kuongeza ndani ya kivinjari), kwa hiyo usipoteze muda kuvitafuta. Ndani ya Firefox gusa nukta tatu, "Extensions", chagua uBlock Origin, kiendelezi cha kufunga piblisite, ongeza. Fanya hivyo penye wifi ya bei nafuu, kwa sababu Firefox ni karibu MB 100 na orodha za vichujio ni mega kadhaa juu yake.

Halafu ingia katika mipangilio ya uBlock Origin. Kuna mstari wa kuzuia faili za picha na video zinazozidi ukubwa fulani, umeandikwa KB 50. Ukiuwasha, picha kubwa zinabaki kisanduku tupu mpaka uguse mwenyewe. Kwa chumba cha kusomea huo ndio mstari unaookoa mega nyingi kuliko yote, na watu hawaujui. Kuna pia kufunga fonti za mbali: zingine zinafika KB 300 kwa kupamba herufi tu.

Mwisho, mipangilio ya Firefox yenyewe, ruhusa za tovuti, "Lecture automatique": zuia sauti na video. Ikiachwa ilivyo, Firefox inazuia sauti peke yake, na video inaendelea kushuka kimyakimya.

Kwa simu za RAM GB 2, Firefox na uBlock vitakwama tabo zikizidi 3. Weka Opera Mini, washa hali ya kubana kabisa. Kurasa zinapitia seva za Opera, zinabanwa, ndipo zinakuja. Lakini hali hiyo ni ya kusomea magazeti tu. Usifungulie benki ao barua pepe, kwa kuwa ukurasa unafunguliwa katikati ya njia kabla ya kukufikia. Na wanaotafuta ile hali ya kuokoa data ya Chrome, Google iliiondoa mwaka 2022. Haipo tena.

Kwenye kompyuta, Firefox vilevile. Chrome imeacha kukubali uBlock Origin kamili, imebaki ile "Lite". Ni afadhali kuliko kukosa, ila si nguvu ileile.

---

Waya_Kadutu (Bukavu)

Mukubwa wa Goma ameshika simu mojamoja. Penye ruta moja inayogawa kwa wote, fungia mlangoni.

Ingia kwenye ukurasa wa ruta (mara nyingi 192.168.1.1 ao 192.168.8.1, soma karatasi iliyobandikwa chini yake). Tafuta DHCP (sehemu inayogawa anwani kwa simu), ndani yake DNS (daftari la kutafutia seva kwa jina). Weka 94.140.14.14 na ya pili 94.140.15.15. Hizo ni za AdGuard, huduma ya kufunga piblisite, bure. Hifadhi, zima ruta, washa, kisha toa simu kwenye wifi na uirudishe, la sivyo itaendelea na DNS ya zamani. Kazi yake ni rahisi: simu ikiuliza "seva ya piblisite fulani iko wapi?", inajibiwa kwamba haipo. Msimbo haushuki kabisa, hata ndani ya programu zisizo vivinjari.

Ruta nyingine ndogo za SIM zimefungwa na kampuni ya simu, mstari wa DNS hauguswi. Hapo fanya kwenye kila simu yenye Android 9 ao zaidi: "Paramètres", "Réseau et Internet", "DNS privé", chagua kuandika jina la mtoa huduma, weka

dns.adguard-dns.com

bila https, bila nafasi mwishoni. Nafasi moja ikibaki nyuma ya neno, haikubali.

Mambo yanayokwama, na sababu zake:

"DNS privé" inapitia lango 853. Mtandao ukilifunga, simu inasema iko kwenye wifi lakini haina intaneti. Rudisha kwenye "Automatique".

Wifi ya hoteli ao ya mkahawa inayotaka uingize namba kwanza: ukurasa wa kuingilia hautafunguka. Zima, ingia, washa tena.

Saa ya simu ikiwa imekosea (betri ilikufa kabisa, tarehe ikarudi nyuma), cheti cha usalama cha seva kinakataliwa na kila kitu kinasimama. Watu wanalaumu AdGuard wakati kosa ni kalenda. Rekebisha tarehe.

Na kuna yasiyowezekana kwa DNS. Piblisite inayotoka kwenye jina la gazeti lenyewe haizuiliki, kwa sababu ukifunga jina hilo umefunga gazeti. Pia yataonekana mashimo meupe mahali pa piblisite, kwa maana DNS haifichi kisanduku, inanyima kilichomo tu. Ndiyo maana DNS pamoja na uBlock ni bora kuliko kimoja peke yake.

Moja zaidi: zile APK (faili za kusakinisha programu nje ya Play Store) zinazotembea kwenye WhatsApp za "kufunga pub zote" musiziguse. Programu inayoomba kupitisha mawasiliano yako yote lazima ujue mwenyewe ni nani.

---

Mhariri_Ruashi (Lubumbashi)

Wakubwa, naomba niseme upande wa jikoni, maana kwenye uzi huu tovuti ya Ulaya yenye wafanyakazi mamia na tovuti ya Lubumbashi ya watu 3 zimewekwa katika chungu kimoja.

Tovuti ndogo ya hapa haina abonema (usajili wa kulipia). Inaishi kwa vitu viwili: tangazo la duka ao shule lililolipwa mkononi, na AdSense, huduma ya Google inayoweka matangazo kwenye tovuti na kumlipa mwenye nayo. AdSense haitoi pesa mpaka salio lifike dola 100. Kabla ya hapo, ukifika dola 10, Google inatuma PIN kwa barua ya posta kwenye anwani yako. Kwa posta! Hapa kwetu barua hiyo mara nyingi haifiki. Unaomba tena, unangoja majuma. Ikipita miezi 4 bila uthibitisho, matangazo yanasimamishwa. Njia ya kutoka ni kuomba PIN mara zinazoruhusiwa, kisha kutuma picha ya kitambulisho, na jina kwenye akaunti lifanane herufi kwa herufi na lile la kitambulisho. Anayeandika jina la gazeti mahali pa jina lake anajifungia mlango.

Ndiyo maana unaona mwenye tovuti amewasha kila kitu: anasukuma salio lifike 100. Lakini nakubali, mengi yanayowasumbua ni kosa letu, na yanarekebishika bila kupoteza pesa nyingi. Ile inayofunika skrini nzima unapotoka habari moja kwenda nyingine inaitwa vignette. Ukitazama anwani juu, utaona mwisho wake #google_vignette. Mwenye tovuti anaizima ndani ya AdSense, kwenye matangazo ya otomatiki, sehemu ya miundo inayofunika ukurasa. Hapohapo anazima ile inayong'ang'ania chini ya skrini, na kuna kidude cha kusogeza kupunguza idadi ya matangazo. Kuruka kwa maandishi kunaponywa kwa mstari mmoja wa CSS (msimbo wa mpangilio wa ukurasa): kisanduku cha tangazo la 300 kwa 250 kipewe urefu wa chini wa pikseli 250 kabla tangazo halijafika. Nafasi inakaa wazi, tangazo linaingia, hakuna kinachosogea.

Na wenye tovuti wanaosoma hapa: tangazo la duka mnaloliuza wenyewe liwe picha ya 320 kwa 100, chini ya KB 40, likae kwenye seva yenu. Halipiti mnadani, halifungwi na DNS ya Waya. Ila musiliweke kwenye folda inayoitwa "pub" wala "ads", wala musiipe picha jina la "banner", kwa kuwa orodha za uBlock zinatazama maneno hayo na zitaifuta bila kuuliza ni ya nani.

Ombi langu kwa chumba cha Katuba: tovuti za hapa muziache zipumue. Kwenye uBlock, ukiwa kwenye tovuti hiyo, gusa ile alama kubwa ya kuzima, na itakumbuka kwa tovuti hiyo tu.

---

Fundi_Himbi (Goma)

Mhariri, nakuelewa, lakini tufanye hesabu. Tuseme piblisite zinaongeza MB 2 kwa ukurasa. Kurasa 1,000 ni GB 2. Chukua bei ya GB 1 ya forfe yako, zidisha kwa 2. Halafu tazama kwenye AdSense yako unapata nini kwa kurasa 1,000 za wasomaji wa Congo. Utakuta wasomaji wametoa pesa nyingi kuliko ulizopokea, na zote zimekwenda kwa kampuni ya simu. Msomaji wa hapa tayari analipia gazeti, ila malipo yake hayafiki gazetini.

Kuacha uBlock wazi kwenye tovuti yako ni njia ghali sana ya kukupa senti. Afadhali akutumie franka 2,000 kwa mwezi moja kwa moja.

---

Mhariri_Ruashi (Lubumbashi)

Hesabu hiyo siipingi kwa matangazo ya mnada. Kwa picha ya KB 40 ya duka la dawa haisimami: kurasa 1,000 ni MB 40, na duka limelipa kwa mwezi mzima.

Kuhusu franka 2,000 za moja kwa moja, inawezekana, ila tujue inavyovunjika. Njia ya kwanza ni PDF kwa WhatsApp kila asubuhi. Faili ya kurasa 8 ibaki chini ya MB 3, la sivyo watu hawaifungui. Shida yake inajulikana: mmoja analipa, kundi la watu 200 linasoma saa hiyohiyo. Kuandika namba ya mnunuzi kwenye kila ukurasa kunapunguza, hakumalizi. Njia ya pili ni namba ya malipo ya mfanyabiashara: msomaji analipa kwa simu, anatuma kumbukumbu ya muamala, anafunguliwa akaunti kwa mkono. Kwa wasomaji 50 inawezekana. Wakifika 300, mtu mmoja anashinda akilinganisha ujumbe wa malipo na majina, na wale waliolipa kwa simu ya shemeji hawajulikani ni nani. Anayetaka kuanza, aombe jina la msomaji liandikwe kwenye sehemu ya maelezo ya malipo, na aweke tarehe moja ya kuisha kwa wote, siku ya kwanza ya mwezi.

---

Msomaji_Katuba (Lubumbashi)

Aksanti sana kwenu. uBlock imeingia kwenye simu mbili, lakini habari zinazofunguliwa kutoka Facebook bado ziko na piblisite zote. Na zile za virusi 13 bado zinakuja. Pia gazeti moja la Ulaya linasema: kubali vidakuzi ao chukua abonema. Ni halali hiyo?

---

Waya_Kadutu (Bukavu)

Ya Facebook: kiungo kinafunguka ndani ya kivinjari cha Facebook chenyewe, na uBlock haiko humo. Kwenye mipangilio ya Facebook, sehemu ya media, washa kufungua viungo nje. Kisha fanya Firefox kuwa kivinjari cha kwanza cha simu: "Paramètres", "Applications", "Applications par défaut". Hiyo ya pili inatibu WhatsApp pia.

Ya virusi 13: simu haina virusi. Kuna mtu aligusa "Autoriser" kwenye tovuti fulani, pengine iliyosema "gusa hapa kuthibitisha wewe si roboti". Tangu hapo tovuti ina ruhusa ya kutuma arifa. Ujumbe ukitokea, usiuguse wala usiufute haraka. Soma mstari mdogo wenye jina la tovuti. Halafu Chrome, nukta tatu, "Paramètres", "Paramètres des sites", "Notifications". Utaona orodha ya walioruhusiwa. Zuia usizozijua, na juu kabisa zima kuombwa ruhusa. Ni ruhusa ya Chrome, kwa hiyo kusakinisha Firefox pembeni hakuiondoi.

Ikiwa ni ukurasa mzima unaotetemesha simu na kudai usakinishe kitu, usiguse kitufe chake chochote, hata kile cha kukataa. Gusa kisanduku cha tabo, tupa tabo hiyo.

Ya vidakuzi: sheria ya Ulaya ya data binafsi imeanza kufanya kazi mwaka 2018, ndipo hizo mbao za kuomba ukubali vidakuzi zikajaa. Ufaransa, CNIL (mamlaka ya kulinda data binafsi) haikupiga marufuku moja kwa moja ubao wa "kubali ao lipa"; mwaka 2022 ilitoa vigezo, kimojawapo bei isiwe ya kukomoa. Kwa vitendo, tovuti nyingine zina maandishi madogo juu kuliani, "Continuer sans accepter". Watu hawayaoni kwa sababu rangi yake imefifishwa. Hayapo? Basi ni hiari yako kukubali ao kuondoka. Ukikubali, piblisite zinabaki zilezile kwa idadi, ila zinakufuata.

---

Mama_Hesabu (Kampemba, Lubumbashi)

Nami niingie kwenye kulipa, kwa sababu watu wanapoteza pesa hapo kuliko kwenye mega.

Kwanza, mwanangu wa Katuba, andika kwenye karatasi mnachosoma kweli kwa juma moja. Radio Okapi ni bure, ina habari hata kwa Kiswahili. Actualite.cd ni bure. RFI Kiswahili, BBC Swahili na DW Kiswahili ni bure, zinalipwa na fedha za umma za nchi zao. Mkishatoa hayo, mara nyingi kinachobaki cha kulipia ni gazeti moja tu.

Halafu jua aina ya ukuta, yaani namna gazeti linavyowazuia wasiolipa. Kuna ya kufunga kila kitu. Kuna ya kuhesabu: New York Times ilianza hivyo Machi 2011 kwa habari 20 za bure kwa mwezi, mwaka uliofuata ikashusha kuwa 10. Kuna ya kuchanganya, kama Le Monde: nyingine wazi, nyingine za waliolipa. Nation ya Kenya ilianza kudai malipo mtandaoni mwaka 2021. Guardian haina ukuta, inaomba mchango. Na musidhani kulipa kunaondoa piblisite: New York Times inaonyesha matangazo hata kwa waliolipa. Mediapart, gazeti la mtandaoni la Ufaransa, haina tangazo hata moja tangu ianzishwe mwaka 2008, inaishi kwa abonema.

Malipo yenyewe. Magazeti hayo ya Ulaya hayapokei M-Pesa wala Airtel Money. Yanataka Visa ao Mastercard. Chukueni kadi ya kulipia kabla, ya dola, kutoka benki (Rawbank, Equity BCDC, TMB, zote zina kadi). Siyo kadi ya akaunti yenye mshahara. Kadi ya kulipia kabla haitoi zaidi ya ulichoweka, hiyo ndiyo kinga yenu. Mukifika dirishani ulizeni vitu vinne: je, malipo ya intaneti yamewashwa (mara nyingi yamezimwa mpaka uombe), ada ya mwezi ya kadi, ada ya kubadilisha dola kuwa euro, na kama muamala ukikataliwa kwa kukosa salio kuna faini.

Kwenye fomu ya gazeti, jina liwe lile lililochapwa kwenye kadi. Namba ya posta (code postal) ikidaiwa na hakuna, wekeni sufuri kwa idadi wanayotaka. Nchi muandike Congo yenye Kinshasa, maana Congo mbili ziko jirani kwenye orodha na watu wanachagua ya Brazzaville. Benki itatuma SMS ya namba ya siri: simu yenye SIM iliyoandikishwa benki iwe mezani kabla hamjagusa kulipa, kwa sababu namba hiyo inakufa baada ya dakika chache. Wekeni salio linalozidi bei kidogo. Mukiweka sawasawa na bei, ada ya kubadilisha pesa inaangusha muamala.

Sasa mtego. "Euro 1 mwezi wa kwanza" si bei, ni chambo. Mwezi wa pili bei kamili inakatwa yenyewe. Siku hiyohiyo ya kujiandikisha, fungueni ukurasa wa akaunti, tafuteni mahali pa kusimamisha, mupige picha ya skrini. Mukiona mlango wa kutoka unataka kupiga simu Paris, acheni. Waliolipa kupitia Play Store wanasimamisha ndani ya Play Store, kwenye malipo na abonema. Kufuta programu ya gazeti kwenye simu hakusimamishi kitu, mwezi ujao pesa inaondoka kama kawaida.

Na hii ni ya chumba chenu hasa: abonema ya mtu mmoja si ya watu 20. Le Monde, kwa mfano, inatoa ujumbe kwamba akaunti inasomwa kwenye kifaa kingine, na mmoja anatolewa. Kompyuta moja iliyoingia akaunti hiyo, watu wakakaa kwa zamu, inafanya kazi. Simu 4 kwa pamoja, hapana. Kwa kundi, andikieni gazeti kuomba bei ya taasisi.

Kabla ya kutoa hata senti, mmoja wenu atembee mpaka mediateki ya Institut français, pale Halle de l'Étoile, aulize kama uanachama unafungua Culturethèque. Ni maktaba ya mtandaoni ya Institut français, na magazeti yamo.

---

Msomaji_Katuba (Lubumbashi)

Aksanti mama. Halle de l'Étoile tutaenda. Imebaki moja: zile simu za GB 2 watu hawapendi Opera Mini, wanasema picha zinakuja mbovu.

---

Fundi_Himbi (Goma)

Fungua menyu ya Opera Mini, sehemu ya kuokoa data, ubora wa picha uko hapo: pandisha daraja moja, si zaidi.

Ama waachane na kivinjari, wachukue kisoma RSS (programu inayokusanya habari mpya za tovuti bila kufungua kurasa zake). Programu ya Feeder ni ndogo, bure, haina matangazo. Gusa kuongeza chanzo, bandika feeds.bbci.co.uk/swahili/rss.xml. Kwa tovuti nyingi za magazeti zilizojengwa kwa WordPress (programu ya kujengea tovuti), na za hapa ni nyingi hivyo, ongeza tu /feed/ mwisho wa anwani na itafunguka. Weka isawazishe kwenye wifi pekee, mara moja kwa siku. Tovuti nyingine zinaweka kwenye RSS habari nzima, nyingine kichwa na mistari miwili; za mistari miwili gusa kichwa na mpangilie zifunguke kwa hali ya kusoma, siyo ukurasa kamili.

---

Mhariri_Ruashi (Lubumbashi)

Ikiwa /feed/ ya tovuti fulani inatoa ukurasa wa kosa 404, mwandikie mwenye tovuti. Mara nyingi ni programu ya usalama iliyoifunga, na yeye mwenyewe hajui.